Chumba Kilichopigwa Bandi

Kitanda ndicho kilicholeta balaa yote.

Ofisi ile ya wachora ramani za nyumba ilikuwa na watu wanne: bosi, mchoraji mmoja mwanamke ambaye ndiye tutakayemfuata, na wenzake wawili walioitwa Mnene na Nyuzi. Mnene mwenyewe alikuwa mwembamba kama mpini wa ufagio. Jina alilipata kwa mistari yake. Kila alichokichora, ukuta, mlango, sinki, hata maua ya uani, alikichora kwa mstari mzito kana kwamba anahofia mvua itakifuta. Nyuzi naye mistari yake ilikuwa hafifu mno. Mteja mmoja alikabidhiwa ramani ya nyumba yake, akaigeuza, akauliza kama picha iko upande wa pili.

Wakaishi hivyo, kila mtu na mkono wake, mpaka siku Mnene alipochora chumba cha kulala cha mteja na kitanda akakipa mstari uleule wa ukuta. Fundi mwashi hakuwa na neno. Aliona mstari mnene, akajenga. Mteja alipokwenda kukagua alikuta katikati ya chumba chake kumesimama boma la matofali, limefika magotini, limezunguka pande zote nne, na pale panapokaa mito pametengwa kwa vijiukuta viwili vilivyonyooka vizuri sana.

"Hiki ni nini?" mteja akauliza.

"Mimi nilidhani ni josho la kuogea," fundi akajibu bila kupepesa macho. "Nikasema, watu wenye nyumba kubwa wana mambo yao."

Habari ikafika ofisini kabla ya chai. Bosi alipiga meza mpaka kalamu zikaruka. "Kuanzia leo ofisi hii ina mkono mmoja tu!" Akamgeukia mchoraji. "Wewe. Tengeneza kiolezo. Unene wa kila mstari, sura ya kila karatasi. Mtu akianza kazi mpya aikute imeshapangwa, asibaki na la kuamua isipokuwa nyumba yenyewe."

"Na kitanda, bosi?" Nyuzi akauliza, naye anajua anachokitafuta.

"Kitanda kiwe chembamba kuliko aibu yenu."

Mchoraji akaipokea kazi kwa furaha. Alikuwa mtu wa kupenda vitu vikae mahali pake. Hata sukari kwenye chai yake aliikoroga kuelekea upande mmoja tu. Na kazi yenyewe ilikuwa tamu kuliko inavyosikika. Katika programu yao ya kuchorea, mchoro haukai mahali pamoja. Unakaa kwenye matabaka, kama vile umepanga plastiki angavu, moja juu ya nyingine: hili la kuta, hili la milango, hili la samani, hili la vigae. Ukiliamuru tabaka la kuta liwe nene, kila ukuta uliomo unanenepa papo hapo. Kwa hiyo kazi yake ilikuwa kukaa kitini na kuamua, ndani ya nyumba ya binadamu, kipi kizito na kipi chepesi.

Ukuta unaobeba paa akaupa unene wa kwanza. Kuta nyepesi, zile za kutenga choo na bafu, akazipa unene wa pili, mstari mzima usiokatika. Milango na madirisha wa tatu. Samani akazipa mstari mwembamba, na hapo akamtupia Mnene jicho. Vigae akavipa uzi ambao hata buibui angeuonea huruma. Mwisho kabisa, chini ya orodha, akaweka tabaka la "Vya muda": banda la mafundi, uzio wa mabati, jukwaa la kupandia, vile vitu vyote vinavyong'olewa kazi ikiisha. Hilo akalipa mstari mwembamba wa kukatikakatika.

Kisha akaipanga karatasi: pambizo, kisanduku cha jina la kazi pembeni chini, skeli, na mshale wa kaskazini. Mshale aliufanya mdogo, maana Mnene alizoea kuuchora kama mkuki wa kuwindia tembo.

Kilichobaki ni nyumba ya kujaribia. Za wateja hakutaka kuzigusa. Akachora ya kwake, ambayo aliijua hata gizani, maana hakuna kona ndani mle ambayo haijawahi kukutana na kidole chake cha mguu. Mchana haujafika, karatasi ikatoka kwenye printa bado ina joto. Kuta zimesimama nyeusi, milango imefunguka kwa wepesi, meza na viti vimekaa kimya kama watoto waliokatazwa. Ukiitazama tu unajua kipi cha kugusa na kipi cha kuacha.

Bosi akaishika, akaiangalia kwa mbali, akaguna. Kwa bosi yule kuguna kulikuwa ni ngoma na vigelegele. Mchoraji akaikunja ramani, akaenda nayo nyumbani kama mtoto mwenye matokeo asiyoyaonea haya.

Nyumbani kulikuwa na mumewe, ambaye ni muuguzi na siku hiyo alikuwa na zamu ya asubuhi. Kulikuwa na mtoto wao. Na kulikuwa na mama mkwe.

Mama mkwe alikuwa mshonaji. Alikuja kwao goti lilipomsumbua, "wiki chache tu, likae sawa." Mtoto wakati huo hakuwa na jino hata moja. Sasa yalikuwa yameota yote na yameanza kung'oka. Walipompokea walikata sebule kwa plaiwudi, wakatundika mlango mwepesi, wakamwekea kitanda, na cherehani yake wakaiweka chini ya dirisha. Dirisha lenyewe ndilo lililokuwa kubwa kuliko yote. Likaenda na chumba. Tangu hapo sebule ikabaki na kidirisha kimoja, na mtu aliyetaka kuona kama chai ina nzi ilimbidi awashe taa mchana.

Wakatandaza ramani mezani. Wote wakainama.

"Mimi nalala wapi?" mtoto akauliza.

"Hapa."

"Mbona kitanda changu kidogo?"

"Unakikojolea," bibi yake akamwambia. "Kimelowa, kimesinyaa."

Mtoto akalalamika, baba yake akacheka, na mama mkwe akavaa miwani. Alianza mlangoni, akafuata kwa kidole taratibu, kama anavyofuata mshono wa nguo ya mtu mwingine. Alipita jikoni, akasifu. Alipofika chooni akasimama.

"Na huyu aliyeweka sufuria chooni anampikia nani?"

"Hicho ndicho choo chenyewe, Mama, ukikiangalia kwa juu."

"Kumbe. Na mimi sijawahi kukaa juu ya paa nikakiangalia."

Wakavunjika mbavu. Kidole kikaendelea na safari, kikaingia sebuleni, kikafika kwenye chumba chake, na hapo kikatulia. Kikaenda mbele kidogo, kikarudi nyuma.

"Injinia," akasema. Hilo ndilo jina alilompa mke wa mwanawe tangu siku ya kwanza, siku za raha kwa utani, siku za ugomvi kwa utani zaidi.

"Naam, Mama."

"Hapa kwangu mbona umepiga bandi?"

Bandi ni ule mshono wa kushikiza, wenye hatua ndefu ndefu, ambao mshonaji anaupitisha kwanza ili vitambaa visihame. Nguo ikishashonwa, bandi inachomolewa na kutupwa, na mwenye nguo hajui kama ilikuwepo. Na kweli, ukuta wa chumba cha mama mkwe ulikuwa mstari mwembamba wa kukatikakatika, umezunguka kitanda na cherehani kama uzi unaongoja mkasi.

Mchoraji akajitetea. "Ni kanuni tu za mistari, Mama. Kompyuta inajipangia yenyewe. Plaiwudi haibebi paa, kwa hiyo..."

"Kabati la vyombo linabeba paa?"

"Hapana, Mama."

"Mbona lina mstari mzima?"

Mume akashikwa na kikohozi ambacho, pamoja na uuguzi wake wote, hakuweza kukitibu. Mama mkwe akavua miwani.

"Usijali, mwanangu. Macho yakichakaa yanaona vitone kila mahali. Nani ana chai?"

Lakini jioni ile hakutania tena. Na katika nyumba ile, mama mkwe asipotania, hata friji inapunguza sauti.

Asubuhi, mchoraji anafunga viatu, mama mkwe akatoka na kanga mabegani. "Nimeongea na wifi yako kwenye simu. Jumamosi atakuja na gari kunichukua. Nami nikakae kwake kidogo."

"Kidogo mpaka lini, Mama?"

"Wewe ulinipokea kwa wiki chache, si umeona zilivyorefuka? Nenda kazini, utachelewa."

Njiani simu ikaita. Wifi mtu, dada wa mumewe, mwanamke ambaye hajawahi kusema "haloo" maishani mwake, alianza moja kwa moja.

"Wifi yangu, nasikia mama yangu mmemchora kwa vitone!"

"Wifi, si hivyo..."

"Mimi kwangu kuta ni nene, hata mbu wanapiga hodi. Jumamosi asubuhi, awe tayari. Na hiyo ramani nitunzie, nataka kuicheka kwa macho yangu."

Mchoraji alifika ofisini amenuna. Akafungua mchoro, akaugusa ule ukuta wa plaiwudi, akauhamisha kutoka "Vya muda" akaupeleka kwenye kuta zinazobeba paa. Kazi ya kubofya tu. Ukuta ukanenepa palepale, mweusi, wa kujivunia. Akachapa, na jioni akaitandaza mezani kabla hata ya kuvua viatu.

"Mama, tazama. Nimerekebisha."

Mama mkwe akatazama. Hakuvaa miwani. Akainuka, akalalamikia goti lake kama kawaida, akachechemea mpaka kwenye plaiwudi, akagonga. Du, du, du. Ukuta mzima ukatetemeka, kalenda ikaanguka, na kwa ndani mikasi iliyotundikwa msumarini ikalia kama njuga.

"Karatasini umeshiba," akasema. "Huku bado una njaa."

Mtoto akacheka sana, akaenda naye kugonga.

"Injinia, utanidanganya mimi kwa wino? Nimewashonea magauni maharusi walioniapia kwamba wamekonda." Akaingia chumbani, akafunga mlango polepole, maana mlango ule ukifungwa kwa nguvu unaondoka na ukuta.

Mchoraji akabaki na karatasi mkononi. Kilichomuuma zaidi ni kwamba alikuwa amefanya dhambi ya Mnene. Mstari mnene mahali pasipo ukuta! Yeye aliyemcheka mwenzake kwa kitanda cha matofali, sasa naye amejenga kwa wino kitu ambacho mtoto wa kung'oka meno anakitikisa kwa kidole.

Kesho yake ofisini hakuchora kitu. Alikaa mbele ya orodha ya matabaka yake akajiuliza jambo moja: ile plaiwudi ilifikaje kule chini? Kompyuta haikumuuliza wala haikumshauri. Tabaka la kuta nyepesi lilikuwepo, na yeye mwenyewe ndiye aliyelitengeneza asubuhi ileile, mstari mzima usiokatika, mahususi kwa kuta zisizobeba paa. Mkono wake ulilipita. Ulishuka chini, ukapita samani, ukapita vigae, ukaenda kuiweka plaiwudi pamoja na banda la mafundi na uzio wa mabati.

"Unawaza nini?" Nyuzi akamuuliza.

"Nawaza dirisha."

Ni kweli, lilikuwa dirisha. Kila alipompelekea mama mkwe chai aliliona lile jua la asubuhi linavyoingia, na macho yake yakawa yanapima yenyewe bila kutumwa: meza ingekaa hapa, rafu pale, na mlango ungefungwa, mtu afanye kazi zake nyumbani bila kuulizwa soksi ziko wapi. Hakuwahi kumwambia mumewe. Hata yeye mwenyewe hakuwahi kujiambia kwa sauti. Mtu angemuuliza kama anamfukuza mama mkwe, angeapa kwa kila kitu, na asingekuwa anasema uongo. Ni vile tu, kichwani mwake, chumba kilikuwa kimesharudishwa zamani, na mama mkwe amekaa ndani yake kama mgeni aliyeambiwa gari liko njiani.

Basi akaamua kujaribu. Akafumba macho, akaitoa cherehani kwa mawazo, akaweka meza yake chini ya dirisha, akakaa. Jua zuri. Kimya kizuri. Akachora kidogo, na baada ya muda akagundua kwamba ametega sikio. Alikuwa anaisubiri cherehani. Ile trrrrr, ikinyamaza unajua sasa linakuja neno la kumsema jirani. Alikumbuka usiku wa homa ya mtoto, mume yuko zamu, na mama mkwe amekaa upande wa pili wa kitanda anamuigiza daktari wa meno mwenye kigugumizi, mpaka mtoto mwenyewe, na homa yake, akacheka. Alipofumbua macho alikuwa amekaa ofisini, na Mnene anamtazama.

"Unalia?"

"Vumbi la printa."

"Printa haina vumbi."

"Mnene, hebu kachore kitanda."

Ijumaa aliporudi aliwapita wote, akachemsha chai, akaingia kwa mama mkwe bila kungoja kuitwa. Sanduku lilikuwa wazi kitandani. Cherehani imefunikwa kitambaa, kama kuku anayelazwa.

"Mama, haikuwa kompyuta."

"Nini hakikuwa kompyuta?"

"Ile bandi. Niliipiga mimi."

"Najua," mama mkwe akasema, akapokea kikombe. "Kompyuta haina mama mkwe."

Mchoraji alitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Akakaa ukingoni mwa kitanda akasema yote: dirisha, meza, rafu, mlango wa kufunga, na jinsi mkono ulivyojua kabla yake. Hakujipaka mafuta wala hakujipaka matope. Mama mkwe alimsikiliza, anazungusha kikombe. Alipomaliza, kwa nje mtoto akasikika anamfundisha baba yake namna ya kutema mate kupitia pengo.

"Dirisha zuri kweli hili," mama mkwe akasema mwishowe. "Hata mimi nisingemwachia mtu. Nimelichukua mwaka wa kwanza sijauliza, na ninyi mmekaa gizani mnakunywa chai na nzi."

"Mama..."

"Ngoja, na mimi nina langu. Sogea." Akalivuta sanduku. "Unadhani nimepakia leo? Shika hili gauni."

Mchoraji akalishika. Mikunjo yake ilikuwa ya zamani hata rangi imefifia juu yake, kama karatasi iliyokunjwa na kukunjuliwa mno. Na chini yake lingine vilevile.

"Sijawahi kulitoa. Tangu nilipofika. Nilijiambia, goti likipona naondoka, sasa nifungulie nini nguo zote?"

"Na goti halijapona."

Mama mkwe akauangalia mlango, akashusha sauti. "Goti lilipona zamani. Nikaliambia linyamaze."

"Mama! Kwa hiyo huko kuchechemea..."

"Mchana tu. Mkiwa mnaniangalia."

"Mwanao ni muuguzi!"

"Ndiyo maana nilifanya kazi kubwa." Akacheka kidogo, kisha kicheko kikaisha chenyewe. "Mngeniuliza naondoka lini, mwanangu, ningejibu nini? Goti ndilo lililokuwa na chumba. Mimi nililala humo kwa jina lake."

Wawili wale walikuwa wameishi nyumba moja muda wote huo, huyu amemshikiza mwenzake kwa uzi mrefu, na yule naye amejishikiza mwenyewe, na kila mmoja anajiona ndiye mwerevu.

"Unataka kwenda kwa wifi?" mchoraji akauliza.

"Wifi yako ana kuta nene. Ukikohoa kule hakuna anayejua kama bado uko duniani."

"Basi usiende."

"Nibaki kwenye bandi?" Mama mkwe akatikisa kichwa. "Sikiliza. Bandi yenyewe haina ubaya. Hakuna gauni nililoshona ambalo halikuanzia hapo. Lakini humvalishi mtu gauni la bandi ukamwacha atembee nalo mpaka mtoto ang'oke meno."

Mchoraji akaenda kuichukua ile ramani ya uongo yenye ukuta ulioshiba, akaigeuza nyuma kulikokuwa kweupe, akampa mama mkwe penseli. Mama mkwe akamwambia penseli ashike mwenye kazi yake; yeye akachukua chaki ya kushonea. Wakachora hapo kitandani, juu ya sanduku. Plaiwudi itoke, dirisha lirudi sebuleni. Chumba kipya kikae ubavuni, kiegemee ukuta wa jiko, kiwe na mlango wake wa uani ili wateja wa nguo wasipite sebuleni wakihesabu vyombo. Dirisha kubwa upande wa asubuhi.

"Na meza yako weka hapa, kwenye jua," mama mkwe akasema. "Lakini nitakuwa napita kuangalia unachora nini. Huaminiki."

Matofali yalikuwepo. Yalikuwa yamepangwa nyuma ya nyumba, mume ameyafunika turubai, yanangoja kuwa banda la gari. Akaitwa, akaelezwa, akasimama mlangoni na mikono kiunoni.

"Na gari je?"

"Gari lipi?" wanawake wakauliza kwa sauti moja.

Akafikiri. Gari kweli hakuwa nalo. "Basi," akasema, "nitakuwa naliegesha kazini."

Jumamosi asubuhi wifi alifika, akapiga honi mara nyingi kuliko inavyohitajika kwa nyumba moja. Hakuna aliyetoka. Akazunguka uani, akawakuta. Vigingi vimepigwa chini, kamba nyeupe imevutwa kutoka kimoja hadi kingine, na mama yake amechuchumaa upande wa mbali, ameshika ncha ya kamba, amekunja magoti yote mawili kama msichana anayecheza.

"Mama! Sanduku liko wapi? Gari linaunguruma!"

"Lizime. Sanduku liko chini ya kitanda, tupu. Ukilitaka lichukue."

"Na goti?"

"Limepona jana."

Wifi akamgeukia mchoraji. Akamtazama na fundi mwashi aliyekuwa anahesabu matofali pembeni. Alikuwa fundi yuleyule wa kitanda. Baada ya habari zile kuenea hakuna aliyempa kazi, na mchoraji alimwita kwa sababu, alivyosema mwenyewe, hajaona mtu anayefuata mstari kwa uaminifu kama yule.

"Mama mkubwa," fundi akauliza kwa heshima, "kitanda nijenge, au mtaleta cha kwenu?"

Hata wifi alicheka. Akavua viatu vyake vya kisigino, akavitupa kwenye gari, akashika kigingi. Alikisema vibaya kigingi, akawasema vibaya na waliokipiga, lakini alikishika mpaka kikakaa.

"Na mimi nikija kulala nitalala wapi?" akanung'unika.

"Na bibi," mtoto akamwambia. "Yeye hakojoi."

Mama mkwe akasimama, akajifuta vumbi, akaitazama kamba nyeupe ilivyolizunguka lile eneo, kigingi hadi kigingi, hatua ndefu ndefu. "Mnaona? Bandi nyingine hii. Ila safari hii mshonaji ameanza kazi."

Jumatatu mchoraji alimkabidhi bosi kiolezo. Kila kitu kilikuwa kama mwanzo, ila pembeni, penye maelezo ya mistari, karibu na ule wa kukatikakatika, alikuwa ameongeza maneno: *Vya muda. Uliza: mpaka lini?*

"Nimuulize nani?" Mnene akataka kujua. "Mwenye nyumba?"

"Yeyote anayelala nyuma yake."

Mnene akaguna kama bosi. Nyuzi akaandika.

Ramani ya nyumba yake mwenyewe hakuichapa. Mama mkwe aliiulizia wiki ya kwanza, akaiulizia kuta zilipofika kiunoni, akaiulizia dirisha lilipowekwa, na kila mara alijibiwa neno moja: bado. Mstari wa chumba kipya aliuacha umekonda mpaka paa lilipokalia kuta, plasta ikakauka, na kitanda kikaingizwa, cha mbao, kwa masikitiko ya fundi.

Siku hiyo mama mkwe alitundika nguo zake zote kwenye kamba mpya, moja baada ya nyingine, mikunjo ikiwa bado inaonekana. Kisha akaufuata ukuta. Hakuchechemea. Akakunja ngumi, akagonga kwa nguvu zake zote kama alivyoigonga plaiwudi.

Hakuna kilichotetemeka. Hakuna kilichoanguka. Aliyeruka ni yeye, anapuliza vidole na kuviingiza kinywani, macho yamejaa machozi ya maumivu na ya kicheko, mjukuu anamshangilia.

"Haya, Injinia," akasema, vidole bado viko kinywani. "Sasa chapa."